Mashine Isiyofunguka

Kuna watu wakienda kumwona mgonjwa hubeba matunda. Wengine, wasio na matunda, hubeba pole. Mteremko alibeba macho tu, na hata hayo hakuyaleta kwa ajili ya mgonjwa.

Mji mzima ulimwita Mteremko kwa sababu ukimuuliza jambo lolote, liwe gumu namna gani, alikujibu kwamba hilo ni mteremko. Kadi yake ya biashara ilimtaja kama Injinia wa Vifaa vya Tiba. Uinjinia huo aliupata palepale ilipochapwa kadi, na alipunguziwa bei kwa kuwa alikuwa mteja wa siku nyingi. Kabla ya hapo kadi zake zilimtaja kama mshauri wa viwanja, na kabla ya viwanja alikuwa mtaalamu wa kuotesha nywele.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu hajajua kufunga vifungo vya shati. Mapafu yalikuwa yamemgeuka bibi wa watu. Alikaa kitandani ameegemezwa mito, mrija mwembamba wa oksijeni puani, mabega yakipanda na kushuka kama mtu anayepandisha ndoo kisimani. Maneno aliyatoa mawili mawili, kisha akapumzika.

"Umekuja... mikono mitupu," alisema.

"Nimekuja na mapenzi, Shangazi."

"Haya... yaweke mezani."

Sista mkuu wa wodi alikuwa kitanda cha pili, akimweleza nesi mgeni mambo ya wodi ile. Alikuwa mama mpana, mwenye saa ya kubandika kifuani na sauti isiyojua kunong'ona.

"Mrija huu haumtoshi bibi yule," alisema Sista. "Anahitaji ile mashine ya kupuliza kwa nguvu, inayochukua oksijeni ukutani, ikaichanganya na hewa, ikaitia joto na unyevu, ikamsukumia mtu mpaka mapafu yenyewe yakapumzika. Tunazo mbili. Zile pale pembeni, chini ya shuka."

"Zinangoja nini, Sista?"

"Zinangoja feni. Feni za ndani zimekufa, basi. Kifaa kama ngumi yangu. Fundi wetu kaomba spea, kaomba mpaka kachoka. Mkurugenzi kasema hanunui spea, ananunua mashine mpya. Kamati inakaa wiki ijayo kuchagua."

Mtu mwingine angesikia hapo kwamba shangazi yake anakosa hewa. Mteremko alisikia kwamba kuna kamati.

Tumtendee haki: moyo ulimpiga, tena kwa nguvu. Kamati, kwake yeye, zilikuwa chakula laini. Mtu mmoja mmoja ana akili zake na mke wa kumuuliza, lakini wakalishe watu hao hao kwenye meza ndefu, uwape maji ya chupa na feni ya dari, utawauzia kivuli cha meza yao wenyewe. Na Mkurugenzi asiyenunua spea alikuwa ndiye hasa aliyeombewa dua na watu wa aina ya Mteremko. Spea ni kitu kidogo, na kwenye kitu kidogo hamna cha kumega. Mashine mpya humegeka vizuri.

Alivuta kiti karibu na kitanda. Sasa, hapa ndipo alipofanya kosa ambalo fundi yeyote wa ulaghai hulifanya mapema au baadaye. Sanaa yake haina watazamaji. Mwimbaji hupigiwa makofi, mcheza mpira hubebwa juu juu, lakini tapeli hodari akimaliza kazi yake hukimbia peke yake. Na mtu pekee duniani aliyeweza kuonja utamu wa kazi ya Mteremko alikuwa huyu aliyelala hapa, kwa sababu ndiye aliyemfundisha. Shangazi aliuza nguo za mitumba miaka na miaka. Alijua kulikunja shati upande wenye tundu ukae ndani, na alijua kumsifia mteja kifua mpaka asikumbuke kunyoosha mkono kukagua kwapa.

"Shangazi," alinong'ona, "wanataka mashine mpya. Mimi ninazo."

"Wewe... umezitoa wapi?"

Akamwagika. Kulikuwa na zahanati ya binafsi iliyofilisika, ikapiga mnada vyombo vyake. Yeye alinunua mashine moja ya kupuliza, nzima kabisa, ndugu wa tumbo moja na zile mbili zilizokufa pale pembeni. Akaipaka rangi nyeupe ya kung'aa, akaziba matundu yote ya skrubu kwa lipu ya chuma, akapiga msasa mpaka ikawa laini kama yai. Hiyo ndiyo ya maonyesho. Nyingine, zile zitakazoletwa baada ya malipo, zilikuwa makasha matupu yaliyotoka kwenye rundo la vyuma chakavu. Ndani yake alitia feni ndogo ya mezani na taa ya kijani.

"Hewa... ya feni?"

"Hewa ni hewa, Shangazi. Na hamna atakayechungulia, kwa sababu nimezipa jina: mashine isiyofunguka. Teknolojia mpya. Haina skrubu hata moja. Haifunguki kwa kuwa haiharibiki."

Shangazi akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nesi akaja kumpigapiga mgongo, na Mteremko akajiona amepewa radhi zote za wazee.

"Sasa hiyo nzima," alisema Shangazi pumzi ilipomrudia, "si uniletee... nipumulie mimi... siku chache?"

Mteremko akashtuka kama mtu aliyeombwa figo.

"Hiyo ni ya maonyesho, Shangazi. Ikikaa wodini itapata madoa. Ngoja kwanza nifunge biashara hii, nitakupeleka hospitali kubwa yenye mapazia."

Shangazi akageuzia uso ukutani, akasema anataka kulala. Mteremko akamfunika shuka vizuri, kwa upendo, akaenda kumtafuta karani wa Mkurugenzi.

Siku ya kamati walifika wauzaji wawili. Wa kwanza alikuwa bwana mkavu, mwenye sanduku la bati, ambaye Mteremko alimbatiza Bwana Skrubu kabla hata hajafungua mdomo. Bwana huyu hakuwa na kipaji chochote. Aliweka mashine yake mezani, akatoa bisibisi, akaanza kuifungua mbele ya watu. Akatoa feni, akaipitisha mkono kwa mkono. Akatoa chujio, akaeleza kwamba likijaa vumbi lisafishwe. Akasema spea zote ziko sandukuni na kwamba atawafundisha mafundi wa hospitali mpaka waweze wenyewe bila yeye. Muuzaji gani huyo, anayekuuzia na namna ya kutomhitaji tena? Mhasibu alisinzia. Daktari bingwa aliuliza kwa nini kioo chake ni kidogo. Mkurugenzi alitazama lile sanduku la bati kwa majonzi, maana hakuona pahali pa kupenyeza mkono.

Kisha akasimama Mteremko. Suti ya buluu, viatu vya kujitazamia uso. Hakuanza na mashine, alianza na wao.

"Waheshimiwa, nimetembea hospitali nyingi. Ni mara chache nimekuta kamati yenye macho kama haya."

Macho yale yakafumbuka, hata ya mhasibu.

"Ndugu yangu hapa amewaonyesha bisibisi. Sina ugomvi na bisibisi. Babu yangu alikuwa nayo. Lakini niwaulize: kitu kinachokuja na zana za kukitengenezea, si kinawaambia chenyewe kwamba kitaharibika?"

Mkurugenzi akapiga meza kwa kiganja. "Hoja nzito hiyo!"

Mteremko akafunua kitambaa. Mashine ikang'aa. Akaomba mjumbe mmoja ashike mrija, akabonyeza kitufe, na hewa yenye joto na unyevu ikatoka kwa nguvu mpaka tai ikampepea. Kamati ikapiga makofi. Watu wazima, wenye shahada, wakapanga foleni kupulizwa mikono.

"Ikiharibika, nani ataitengeneza?" Ilikuwa sauti ya Sista, mwisho wa meza.

"Haiharibiki, Sista. Tafuta skrubu hapa, ukiiona nakupa mashine bure. Haifunguki, si kwa mtu yeyote, si kwa chombo chochote. Akija mtu akasema mashine hii imefunguliwa, mwiteni mwongo mbele yangu!"

"Basi iache wodini mpaka kamati ikutane tena," alisema Sista. "Ninaye mgonjwa anayeihitaji leo. Tuone inavyofanya kazi kwa mtu, si kwa tai."

Kijasho kikamtoka Mteremko sehemu zisizoonekana. "Ningependa sana, lakini taratibu za kiwanda..."

"Unaogopa mafundi wetu wataichokonoa?"

"Hapana, ila..."

"Si umesema haifunguki?"

Kabla hajapata pa kutokea, Mkurugenzi alimsaidia kuzama. Alisema ni wazo zuri mno, kwamba mashine itapigiwa picha ikiwa na mgonjwa, na picha itabandikwa mlangoni kwake. Mteremko akatabasamu. Tabasamu lilikuwa kubwa na halikufika popote. Mashine nzima alikuwa nayo hiyo hiyo moja. Ikipotea hiyo, amebaki na makasha na suti. Lakini alijipa moyo. Lipu ile ya chuma ilikuwa ngumu, rangi ilikuwa safi, na fundi wa serikali, kwa anavyowajua, hafanyi kazi asiyotumwa.

Mgonjwa wa Sista, bila shaka mmeshamjua. Shangazi alivalishwa mrija mnene wa puani, mashine ikanguruma polepole, na mabega yake, yaliyokuwa yakihangaika tangu alipolazwa, yakatulia. Alilala kama mtoto. Mteremko alikuja kesho yake kuitazama, nikimaanisha mashine. Aliwakuta wageni wa vitanda vingine wakimsifu kwa kumletea shangazi yake chombo cha maana namna ile, naye akazikubali sifa zote, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Damu ni damu," aliwaambia.

Shangazi alifumbua jicho moja, akalifumba.

Hatimaye kamati ikakutana tena, na safari hii alikuja mwenyekiti wa bodi mwenyewe, mama mmoja mkimya asiyetaka maji ya chupa. Mashine ililetwa kutoka wodini juu ya kitoroli, imefunikwa shuka safi. Mkurugenzi alikuwa ameshaandaa hotuba. Mteremko alikuwa ameshachagua kitambaa cha suti ya pili.

"Waheshimiwa," alisema, akafunua shuka, "imekaa wodini, imefanya kazi usiku na mchana, na haina hata alama. Shikeni mrija."

Mwenyekiti akashika mrija. Mteremko akabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka, kioo kikawaka. Mwenyekiti akasubiri. Wote wakasubiri. Mrija ulining'inia mkononi mwake, haukutoa hata pumzi ya panya.

"Inapasha moto kwanza," alisema Mteremko. "Ni mteremko."

Akabonyeza tena. Akaipigapiga ubavuni. Akaiinamia kusikiliza, na alipoinama ndipo akaona. Pale kwenye kona, palipokuwa na tundu la skrubu aliloliziba kwa mikono yake, rangi iling'aa tofauti kidogo. Ilikuwa nyeupe ya lulu, yenye chembe za kumetameta. Alisogeza pua. Ikanukia rangi ya kucha ya manesi wa zamu ya asubuhi.

"Wameifungua!" alipiga ukelele. "Hawa watu wameifungua!"

"Wameifunguaje?" aliuliza mwenyekiti. "Mimi niliambiwa haifunguki."

"Wametoa feni yangu! Wamenitilia feni yao iliyokufa!"

Sista alisimama, akajishika kiuno. "Kuna bwana mmoja aliapa humu ndani. Alisema akija mtu akadai imefunguliwa, tumwite mwongo. Sasa, Injinia, tukuite nani?"

Mteremko akitaka kuthibitisha kwamba imefunguliwa, aoneshe skrubu. Akionesha skrubu, kila mtu ataona kwamba ni ile ile mashine ya kawaida, iliyopakwa rangi, na swali litakalofuata litahusu yale makasha. Akinyamaza, basi mashine isiyoharibika imeharibika kwa siku zile chache, na haitengenezeki milele. Alikuwa amejijengea nyumba isiyo na mlango, naye mwenyewe yumo ndani.

Aligeuka kumtafuta Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa tayari amesogeza kiti chake mbali, karibu kabisa na sanduku la bati la Bwana Skrubu.

"Mimi tangu mwanzo nilikuwa na mashaka," alisema Mkurugenzi kwa uchungu mkubwa. "Nilisema hapa hapa: tununue zinazofunguka. Hospitali haiwezi kukaa na chombo ambacho kikizima ni jiwe. Nani asiyekumbuka nilivyosema?"

Hakuna aliyekumbuka, lakini wote waliitikia kwa vichwa, na daktari bingwa akaongeza kwamba kioo kidogo kina faida zake. Mwenyekiti alimwita Bwana Skrubu, akamwambia atoe feni ile tena, polepole, na safari hii mhasibu hakusinzia. Mteremko aliambiwa achukue mali yake na atoke nayo kabla mtu hajakumbuka namba ya polisi.

Hakuelekea getini. Alielekea wodini, kitoroli kikimgonga visigino.

Shangazi alikuwa ameketi wima, kitambaa kizuri kichwani, mashavu yamerudisha rangi. Kando yake ilinguruma mojawapo ya zile mashine mbili za pembeni, iliyochubuka na kuchakaa, skrubu zake zote nje, ng'aring'ari. Mteremko aliujua mngurumo ule: ulikuwa wa feni yake. Alikuwa ameusikia chumbani kwake kila alipoijaribu mashine yake baada ya kupiga msasa.

"Shangazi," alisema, na sauti ilimpasuka, "nani amewaambia?"

"Mimi."

"Wewe? Umeniuza mimi, mwanao?"

"Nani mwingine aliyejua? Nilimwita Sista usiku wa siku ile uliponifunika shuka. Nikamwambia, huyu kijana ana makasha chungu nzima na mashine nzima ni moja tu, na hiyo moja ni pacha wa hizi zenu. Ibakisheni kwa njia yoyote, halafu mpeni fundi bisibisi. Lipu ilimchukua fundi asubuhi moja. Anasema uliziba ovyo, umetia lipu nyingi mno." Aliyasema yote hayo kwa mkupuo mmoja, bila kupumzika hata mara moja, na Mteremko, pamoja na hasira zake, alilitambua hilo.

"Umenimaliza, Shangazi. Ile ndiyo ilikuwa kazi yangu."

"Na hii ndiyo ilikuwa pumzi yangu. Nilikuomba. Sikukuambia uniuzie, sikukuambia unipe. Nilikuomba siku chache, mtoto niliyemfuta kamasi kwa kanga yangu, ukaniambia itapata madoa." Macho yalimjaa machozi, akayafuta kwa hasira. "Kudanganya watu nilikufundisha, sikatai, Mungu ataniuliza. Lakini mimi niliuza shati lenye tundu. Aliyelivaa alipatwa na baridi kwapani, akanitukana, yakaishia hapo. Wewe ulikuwa unamwuzia mtu kaburi lenye taa ya kijani."

Wale waliomsifu juzi walikuwa wamekaa mkao wa kula.

"Hiyo feni ni yangu," alisema Mteremko kwa sauti ya chini.

"Ni yako. Sibishi." Shangazi akanyoosha kidole. "Waya ule pale. Chomoa uchukue."

Tusimsingizie wema mtu huyu. Aliutazama ule waya, na aliutazama kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtoto aliyelelewa. Alipiga hesabu zake. Aliinama hata akaugusa, na Sista, aliyekuwa amesimama mlangoni, akavuta hatua mbele. Kisha akaona vidole vya Shangazi vikishika ukingo wa shuka, vimekaza, vikingoja. Bibi yule mwenye ulimi wa wembe alikuwa anaogopa. Alikuwa anamwogopa yeye.

Mteremko akauachia waya, akausogeza chini ya kitanda ili mtu asijikwae. Akainuka, uso umempauka, asijue mikono aiweke wapi.

"Kaa," alisema Shangazi.

Akakaa.

"Mashine hii inakunywa maji. Maji safi ya chupa, yaliyochemshwa mpaka kila kijidudu kikafa, ya duka la dawa. Hospitalini yameisha. Utaniletea wewe, kila siku, mpaka nitoke humu."

"Sawa, Shangazi."

"Sista!" aliita bibi, sasa kwa sauti iliyofika mpaka chumba cha dawa. "Kila chupa atakayoleta huyu, kagua kizibo kwanza kama kimefunguliwa. Asije akanitilia ya bomba. Namjua."

Mteremko, ambaye macho yake yalikuwa yameshatua kwenye bomba la koridoni, akashusha pumzi, akaenda dukani.